Mkojo wa Mtoto Unatoka Wapi? Kazi ya Figo Mwilini

Leo tunazungumza juu ya mkojo. Najua si jambo la kuzungumziwa mezani, lakini hakuna anayeujua mkojo wa mtoto kama wewe unayefua nepi na kuanika godoro asubuhi. Unauona rangi, unaunusa, na unajua leo umekuja mwingi au mchache. Ukielewa jinsi unavyotengenezwa, utaweza pia kutambua siku mkojo huo unapokueleza kwamba mtoto yumo hatarini.

Tuanzie kwa bucha. Siku utakaponunua figo ya mbuzi, itazame vizuri kabla ya kuikatakata. Ina umbo la punje ya haragwe, imefunikwa na mafuta, na pale penye kibonde pameingia mishipa. Figo ya binadamu ina umbo kama hilo. (Ya ng'ombe ni tofauti kidogo, ina vinundu vinundu.) Ukiipasua katikati kwa urefu utaona sehemu ya nje yenye rangi moja na ya ndani yenye rangi nyingine, kisha kishimo ambamo mkojo hukusanyika. Sisi tuna figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini ya mbavu za nyuma. Ya kulia huwa chini kidogo kuliko ya kushoto kwa sababu ini limeikalia juu. Kwa mtu mzima kila figo ni kubwa kama ngumi yake na huwa na uzito wa gramu 150 hivi.

Hata hivyo, usizidharau kwa udogo wake. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika, na karibu moja kwa tano ya damu hiyo hupelekwa moja kwa moja kwenye figo. Viungo vizito kuliko figo mara nyingi havipewi damu nyingi hivyo. Figo hazihitaji damu yote hiyo kwa chakula chao wenyewe. Huipokea ili kuisafisha.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana visivyoonekana kwa macho, karibu milioni 1. Kila kichujio kina kifundo cha mishipa myembamba iliyojisokota kama uzi wa kufumia, na kifundo hicho kimekaa ndani ya kikombe kidogo. Kwenye kitako cha kikombe hutoka mfereji mwembamba unaojipinda, ukateremka, ukapanda tena, kabla ya kuungana na mifereji mingine. Vichujio hivi vyote hutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni, na kazi hiyo huisha mimba inapofika wiki ya 36 hivi. Baada ya hapo mwili hautengenezi vingine. Ulivyozaliwa navyo ndivyo utakavyozeeka navyo, na kinachoharibika kabisa hakipati mrithi. Hiyo ni sababu mojawapo ya wahudumu wa kliniki kutaka mimba ikue hadi wakati wake.

Sasa tufike kwenye uchujaji wenyewe. Wengi hufananisha figo na chujio la chai: majani hubaki, chai hupita. Si vibaya kuanza hapo, lakini mfano huo unaeleza nusu tu ya kazi. Mimi napendelea mfano wa kuchagua mchele. Unapochagua mchele kwenye ungo, unaokota mawe na chuya na kuyatupa, na mchele unabaki. Figo hufanya kinyume. Kwanza humwaga karibu kila kitu kilichomo kwenye maji ya damu, kizuri na kibaya pamoja. Kisha huanza kuokota kilicho kizuri kimoja kimoja na kukirudisha. Kile ambacho hakikuokotwa ndicho mkojo.

Hatua ya kwanza, ile ya kumwaga, hufanyika kwenye kifundo cha mishipa. Damu huingia pale kwa nguvu ya msukumo wa moyo, na nguvu hiyo hukamua maji kupitia kuta za mishipa hadi kwenye kikombe. Maji hayo hupita na chumvi, sukari na uchafu. Vitu vikubwa haviwezi kupita, yaani chembechembe za damu na protini. Hivyo hubaki ndani ya mshipa na kuendelea na safari. Zingatia mambo mawili hapa, kwa sababu tutayarudia: nguvu ya damu ndiyo inayokamua, na kichujio kizima hakipitishi damu wala protini.

Je, wajua ni maji kiasi gani hukamuliwa hivyo kwa siku moja? Kwa mtu mzima ni karibu lita 180. Chukua mitungi ya lita 20, ile ya kuchotea maji, uipange mitungi 9. Bila shaka hatuna maji mengi hivyo mwilini. Ni maji yale yale yanayozungushwa na kuchujwa tena na tena. Lakini mkojo tunaoutoa kwa siku ni lita 1 hadi 2 tu. Yote mengine yamerudishwa.

Kurudisha huko hufanyika kwenye ule mfereji unaojipinda. Sehemu yake ya mwanzo ina pupa: hunyakua sukari yote na karibu thuluthi mbili za maji na chumvi, na kuvirudisha kwenye damu bila kuuliza maswali. Sehemu za mbele ni za uangalifu zaidi. Hizo hupima mwili una maji kiasi gani leo na chumvi kiasi gani, kisha zikaamua. Uchafu hauokotwi ovyo. Mwingi wake ni urea, ambayo ini huitengeneza kutokana na mabaki ya protini tunazokula katika maharagwe, maziwa, samaki na nyama. Rangi ya manjano ya mkojo hutokana na mabaki ya chembechembe nyekundu za damu zilizozeeka na kuvunjwa.

Ubongo nao una sauti katika jambo hili. Mwili ukipungukiwa na maji, ubongo hutuma ujumbe kupitia damu kuziambia figo zirudishe maji zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyeshinda akicheza mpira juani hukojoa mkojo mchache wa manjano iliyokolea, na yule aliyekunywa uji vikombe viwili hukojoa mwingi usio na rangi. Wote wawili ni wazima. Mkojo mzito wa mara moja usikutie hofu. Mpe maji, kisha utazame unaofuata.

Kutoka kwenye figo mkojo huteremka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu. Mirija hii haingoji mkojo uteremke wenyewe. Huusukuma kidogo kidogo kwa kujibana, na ndiyo sababu mtoto aliyelala chali bado hukojoa. Kibofu cha mtu mzima hubeba karibu nusu lita. Cha mtoto wa miaka 4 hakifikii glasi moja ya kawaida. Kwa hiyo ukimwambia ajizuie hadi mfike mjini, unadai kitu ambacho kibofu chake hakina nafasi nacho.

Mtoto mchanga anahitaji maneno yake mwenyewe. Anatarajiwa kukojoa ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, anayenyonya vizuri hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, na mkojo wake huwa mweupe au wa manjano hafifu. Hiyo ndiyo mizani yako ya kujua kama maziwa yanamtosha, hata kama jirani anasema matiti yako ni madogo. Figo zake tayari zina vichujio vyote, lakini mifereji bado haijakomaa. Mtu mzima aliyekosa maji anaweza kuukaza mkojo wake mara mbili ya mtoto mchanga au zaidi. Mtoto hawezi kubana maji namna hiyo, kwa hiyo huyapoteza haraka. Wala hawezi kutoa chumvi nyingi kwa urahisi. Maziwa ya mama yana chumvi kidogo na maji mengi, kama yaliyopimwa kwa ajili ya figo hizo. Maziwa ya ng'ombe yana chumvi na protini nyingi zaidi, na humtwika mtoto wa miezi michache mzigo usio wake. Hata akianza kula akiwa na miezi 6, chakula chake hakihitaji kutiwa chumvi. Kikionekana hakina ladha, hiyo ni ladha yako wewe.

Sasa turudi kwenye lile jambo la nguvu ya damu. Mtoto anapohara na kutapika, maji hutoka mwilini kwa kasi. Damu hupungua, nguvu yake hushuka, na figo hupokea damu kidogo. Kwanza mkojo hupungua na kukolea rangi, kwa sababu figo zinaokoa kila tone. Hali ikiendelea, hakuna tena nguvu ya kukamua, na mkojo hukatika. Uchafu hubaki kwenye damu, na figo zenyewe huanza kufa kwa kukosa damu. Hapa hatari ni kubwa, na inaweza kuja kwa siku moja tu.

Kuna walezi wanaomnyima mtoto maji ili aache kuhara. Naelewa wanachofikiri: kisichoingia hakitatoka. Lakini mtoto ataendelea kuhara hata usipompa kitu, na maji yatakayotoka yatakuwa ya damu yake. Mpe maji ya ORS tangu choo cha kwanza chepesi. Soma pakiti, kwani kuna za nusu lita na za lita moja, na ukikosea kipimo maji hayo yatakuwa na chumvi nyingi au kidogo mno. Aliye chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, na mkubwa wake nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage, utengeneze mengine. Usimwachishe kunyonya. Uliza pia tembe za zinki kwenye zahanati au kwa mhudumu wa afya ya jamii, nazo hupewa kwa siku 10 hadi 14.

Wakati wote huo hesabu mikojo. Mtoto mchanga anayehara akikaa muda wa saa 6 bila kukojoa, au mkubwa kidogo akikaa saa 8, usingoje asubuhi. Na kama macho yamezama, amelegea, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, usihesabu chochote, mpeleke hospitali mara moja, ukimpa ORS njiani kama anaweza kumeza. Wanaotumia pampasi wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa zinanyonya sana na mkojo mchache hauonekani. Mtoto akiwa mgonjwa, mvishe nepi ya kitambaa siku hizo mbili tatu. Utafua zaidi, lakini utaona.

Neno kuhusu dawa. Mtoto aliyekauka maji asipewe ibuprofeni wala diklofenaki kwa sababu ya homa. Dawa hizi hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, na damu yenyewe tayari ni kidogo. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake ndiyo afadhali. Dawa za mitishamba nazo zitaishia kwenye figo, na hakuna aliyempimia mtoto wako kiasi.

Mwaka wa 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70, wengi wao wa chini ya miaka 5, walifariki baada ya figo zao kuacha kufanya kazi. Mwezi Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa 4 za maji za watoto, za kikohozi na mafua, zilizopatikana na diethilini glikoli na ethilini glikoli. Hizo ni kemikali za viwandani, za jamii ya zile zinazozuia maji ya injini kuganda. Sumu hiyo huharibu ile mifereji inayookota na kurudisha. Mama zao hawakufanya kosa lolote. Walinunua dawa kama tunavyonunua sisi. Dalili mojawapo ilikuwa hii tunayoizungumzia: mtoto anaumwa tumbo, anatapika, kisha haukojoi mkojo. Nunua dawa kwenye duka la dawa lenye leseni, usikubali chupa isiyo na lebo, na ujue kwamba kikohozi cha kawaida cha mafua mara nyingi hakihitaji dawa ya chupa. Aliye chini ya miezi 6 anyonye zaidi. Aliyetimiza mwaka anaweza kupewa maji vuguvugu yenye asali.

Jambo la pili tuliloahidi kulirudia ni kwamba kichujio kizima hakipitishi protini wala damu. Kikipitisha, kuna kasoro. Protini ikivuja, mkojo hufanya povu jingi lisiloisha haraka, na maji hutoka kwenye damu na kujaa chini ya ngozi. Mtoto huamka macho yamevimba, na jioni ni miguu, kisha tumbo. Wengine husifu kwamba amenenepa. Wengine husema ni mzio wa vumbi, au amerogwa. Mtoto anayevimba uso siku mbili mfululizo anahitaji kupimwa mkojo, na kipimo hicho ni karatasi ndogo inayochovywa tu. Ugonjwa huu huwapata sana watoto wa miaka 2 hadi 6, na wengi wao hupata nafuu kwa dawa wakiwahiwa.

Damu nayo ina namna zake. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi au chai ya strungi, pamoja na uso uliovimba, unaweza kuja wiki moja au mbili baada ya maumivu ya koo, au wiki 3 hadi 6 baada ya vidonda vya ngozi. Viini vya koo au vidonda vimeuchokoza mwili hata ukazidhuru figo. Kwa hiyo vile vipele vyenye usaha ambavyo tunaviacha vijipone vyenyewe vinastahili kutibiwa. Mkojo mweusi kama kahawa pamoja na homa waweza kuwa malaria kali, na huo ni wa kukimbilia hospitali. Huko Kwale, Tana River na sehemu nyingine za Pwani, damu inayotoka mwishoni mwa kukojoa mara nyingi ni kichocho. Hiyo hutoka kwenye kibofu, na dawa yake ipo. Na kabla hujapiga nduru, kumbuka kama mtoto alikula kiazi sukari, maana chaweza kuutia mkojo wekundu. Dawa za kifua kikuu nazo huufanya uwe wa rangi ya machungwa.

Kumbuka pia kwamba mfereji hunyakua sukari yote. Lakini ikizidi sana kwenye damu, mfereji hushindwa, sukari hubaki kwenye mkojo na kuvuta maji mengi pamoja nayo. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, akinywa maji usiku na mchana, na huku anakonda, apimwe kisukari siku hiyo hiyo. Usimnyime maji ili kitanda kisilowe. Wala usimchape.

Na wewe mama mjamzito, ile chupa unayopewa kliniki ujaze mkojo si ya kujaza fomu tu. Wanatafuta protini, kwa sababu ikionekana pamoja na shinikizo la damu la juu huashiria hatari ya kifafa cha mimba.

Nimalizie kwa jinsi ya kuchukua mkojo wa kupeleka maabara, maana majibu mengi ya uongo huanzia hapa. Tumia chupa safi uliyopewa na kituo cha afya, si ya mafuta ya nywele. Msafishe mtoto sehemu zake kwa maji. Msichana afutwe kutoka mbele kwenda nyuma. Acha mkojo wa kwanza umwagike kidogo, kisha kinga wa katikati, na uufikishe mapema, ndani ya saa moja kama inawezekana. Usikamue nepi. Kwa mtoto mchanga asiyejua kuambiwa "kojoa", mnyonyeshe kwanza, mvue nepi, kisha msugue polepole chini ya kitovu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Shika chupa karibu, kwa sababu wengi hukojoa ndani ya dakika chache, na wala hawatoi taarifa.